Kopo Halikulia

...ko, ko, ko, mara tatu, ni mwiko huo, ni mwiko tu unagongwa kwenye mdomo wa sufuria, nalijua hilo, Mama Luka anapika, ni saa tisa ya usiku na Mama Luka anapika kama anavyopika kila Ijumaa kabla hajaenda kuwasha moto kwenye kibanda chake cha chakula kule machimboni, kati yangu na yeye pana ukuta wa mabanzi tu, mwanga wa jiko lake unapenya kwenye nyufa unanichora mistari mikononi, anakoroga, anagonga mwiko, ko, ko, ko, kwa nini lazima iwe tatu, si agonge mara mbili, si agonge mara tano, wanawake wengine wanagonga ovyo bila hesabu, na mimi kila akigonga nashtuka kama vile ni mimi ninayetakiwa kuinuka nishike winchi nizungushe... tulia Mbuke, tulia, utamwamsha mtoto, mtoto bado ana joto, nimemgusa shingoni, nimemgusa kifuani, joto lilelile la jana na juzi, zahanati wamempima wakasema malaria haionekani, mpe dawa ya homa, mnyonyeshe sana, atapoa, haya namnyonyesha, hapoi, na hakai, miezi saba sasa na hakai, ukimketisha kwenye kanga anainama pembeni taratibu kama kiroba kisichojaa, wenzake wa miezi sita wanakaa wanachezea vijiko, na katika uwanja huu wote ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini Noela hakai, au nadhani najua, nimesoma mpaka kidato cha nne, baiolojia nilipata C, najua mtoto hashindwi kukaa kwa sababu ya maneno ya mtu, misuli ni misuli, lakini usiku saa tisa C ya baiolojia haisaidii kitu, usiku saa tisa nasikia kiapo cha baba yake tu, neno kwa neno...

Harufu imefika. Michembe. Viazi vitamu alivyovikata vipande akavikausha juani, sasa anavichemsha mpaka vinalegea halafu anavisonga na karanga, karanga nilimsikia akizitwanga jana jioni, ndicho chakula alichokipenda Luka, Luka mwanawe, mwanawe wa pekee, aliyefia kwenye duara la Gregory Ijumaa saba zilizopita, shimo lenye kina cha futi mia na ishirini, na aliyekuwa juu ameshika winchi siku hiyo ni Sostenes, mume wangu, huyu hapa aliyenipa mgongo, anajifanya amelala, mtu aliyelala kweli hapumui kwa mpangilio hivyo. Na kila Ijumaa tangu tulipomzika Luka, Mama Luka hauzi chakula mpaka kwanza apike michembe ya mwanawe, anapakua sahani moja, anaifunika kwa nyingine, anaileta kwangu, ya kufunikia anarudi nayo, uwanja huu una milango kumi na nne na anakuja kwenye mlango wangu, mara ya kwanza nilipofungua nikamwona ameshika sahani, nikasema shikamoo mama, akasema marahaba mayu, mama yangu, nimekuleteeni chakula cha mwenzenu, kwetu nyumbani mtu akifa chakula alichokipenda wanapewa waliomwona mwisho, sasa mimi mama yake sikumwona, alitoka alfajiri nimeinama nawasha jiko akasema mama nimetoka na mimi sikugeuka hata kugeuka, nikasema haya, nikajua atarudi, basi waliomwona mwisho ni Sostenes na mwenzake wa winchi yule Marselino, Marselino hana mke, atakula wapi, nikasema nimletee Mama Noela, ninyi ndio mnajua kula kama watu... Akacheka kidogo. Na mimi nikapokea kwa mikono miwili, nikasema wabeja mama, asante sana, nikafunga mlango nikasimama na ile sahani ya moto mpaka ikaniunguza vidole. Waliomwona mwisho. Hajui. Anadhani ni Sostenes na Marselino, hajui kwamba Marselino alikuwa amekwenda kutafuta dizeli, hajui kwamba na mimi nilikuwepo pale, kwamba kichwa chake Luka kilipozama ndani ya shimo kile kikofia chake chekundu nilikiona mimi.

"Mama Noela." Sauti yake hiyo, ya chini, inapita kwenye mabanzi. "Mama Noela, umeamka?" Sijaamka. Nimelala. Nimebana pumzi. "Haya, lala mke wa waziri, lala, nitakugongea ikiiva." Ananitania, kila mara ananiita mke wa waziri kwa sababu siamki saa tisa kama yeye, mwanamke aliyemzika mwanawe ananitania mimi ili nicheke... na leo ni mara ya mwisho, alisema jana bombani mbele ya watu, nikishapika ya kesho naondoka na basi la saa kumi na mbili, nafika Kahama, napanda jingine mpaka kwetu, huku sina tena cha kungoja, jiko la kibandani nimeshamuuzia yule wa kona, masufuria nayabeba, na wale wanawake wakasema pole mama, Mungu akutangulie, na alipojitwika ndoo akaondoka wakasogeleana vichwa, bora aende maana aibu aliyomwachia kijana wake, mtu unazamaje na gongo kichwani, alilala huko chini, hewa ilipokata hata kamba hakuvuta, kopo halikulia, kama angevuta si wangemtoa, akafa usingizini kama kuku, na yule mwingine akasema kama kuku aliyelewa, wakacheka, na mimi nilikuwa pale, ndoo yangu ilikuwa imejaa inamwagika na sikusema. Sikusema Luka hanywi. Hata hilo tu sikusema, mtu mwenyewe soda moja alikuwa anamaliza siku nzima, anaifunga kwa mfuniko anaiweka kivulini.

Sahani sita ziko chini ya kitanda. Hilo nalo. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, mama yangu kule Ibadakuli angenipiga kofi hata leo na utu uzima wangu akisikia nimerudisha sahani ya jirani tupu, tulikuwa tunatumwa na sahani ya mtu ina hata nyanya tatu, hata chumvi kwenye karatasi, lakini iwe na kitu, na mimi wiki ya kwanza nikajiuliza niweke nini, nikaweka unga wa dona, nikautazama, nikaurudisha kwenye ndoo, nikaweka mayai mawili, nikayatoa, nikawaza sukari robo, nikaona kila kitu ninachokiweka kwenye ile sahani kinanizomea, ya pili ikaja, ya tatu ikaja, nikawa nazisukuma uvunguni, sahani za bati zenye maua ya bluu, seti yake ya ndoa ile, na yeye hakuuliza, hata mara moja hakusema Mama Noela sahani zangu, amebakiwa na mbili tu, na leo anasafiri, atafunga mizigo yake atahesabu atakuta sita hazipo, na atanyamaza, namjua, atanyamaza.

Na chakula chenyewe... hapa hata mwenyewe siwezi kujitazama. Sikukila. Sostenes alikula ile ya kwanza, matonge mawili, akatoka nje akatapika nyuma ya choo, akarudi akasema usiniwekee tena, basi nikawa nasubiri Mama Luka aende kibandani, nazunguka nyuma, nawamwagia kuku wa mwenye nyumba, michembe ya mtu aliyekufa, imesongwa na karanga zilizotwangwa kwa mkono usiku, nawamwagia kuku, wanaigombania, nasimama nawafukuza wasifanye kelele, mwizi kabisa, na wiki ya nne alisahau kitambaa chake akarudi, akanikuta na sahani imeinama hivi, karanga bado zimening'inia ukingoni, kuku miguuni, akasimama, akaniangalia, nikatamani ardhi... hakugomba. Alisema, "Hee, kuku wa mwenye nyumba mwaka huu watanenepa." Akachukua kitambaa chake. Halafu akageuka, akasema polepole kama yeye ndiye aliyekosa, "Ina mchanga, eti mayu? Niambie tu. Niliianika juu ya jiwe mwaka jana, upepo ulikuwa mwingi. Nitaiosha mara tatu." Na akaiosha. Ijumaa iliyofuata niliyasikia maji, anamwaga, anateka, anamwaga, huku maji tunanunua ndoo, aliiosha mara tatu kwa sababu alidhani aibu ni ya kwake, na alipoileta alikuwa ameiponda laini kabisa bila kipande, akasema hii hata Noela anaweza, mtie kidogo mdomoni, mtoto akae vizuri anahitaji karanga, na nikaichukua, na nikaimwaga. Hata hiyo. Kwa kuogopa. Niliogopa mtoto asile chakula cha Luka, nikaona kama Luka angemtambua kupitia ulimi, angesema wewe si yule uliyekuwa mgongoni...

"Mama Noela," ni Sostenes huyu sasa, hajageuka, anasema na ukuta, "anakuita."

Namwambia ameshaacha kuniita, lala.

"Angalau leo mjibu. Anaondoka."

Mjibu. Ananiambia mjibu. Yeye naye anadaiwa jibu lakini hajui, maskini wa Mungu, anadhani jibu lake alishalitoa, alilitoa siku ileile jioni mbele ya Gregory mwenye duara na mwenyekiti wa kitongoji na wanaapolo, wachimbaji wote wamesimama na matope yao, walimuuliza, Sostenes, kijana aliita au hakuita, kopo lililia au halikulia, na Mama Luka ameketi chini miguu ameinyoosha, hajafunga hata kilemba, anamtazama mdomoni, na mume wangu akanyoosha mkono akamshika Noela kichwani, Noela alikuwa mgongoni kwangu, nikausikia uzito wa mkono wake mpaka kwenye mabega yangu, akasema, "Kopo halikulia. Kama lililia, mtoto wangu huyu nisimwone akikaa wala akisimama." Watu wakaguna, kiapo kizito kile, Gregory akasema basi, imetosha, jamani imetosha. Na Mama Luka akauliza kwa sauti ndogo, hakumuuliza mtu, "Sasa kwa nini hakuita? Mwanangu anajua kuita. Toka utotoni akianguka anaita." Na bado anauliza, kila Ijumaa akileta sahani anauliza mlangoni kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua, mimi najiuliza tu, Mama Noela, kwa nini hakuita, au alinikasirikia kwamba sikugeuka asubuhi ile, mtu anaweza kuchoka asiite? Anaondoka na hilo. Ataingia nalo kwenye basi, ataliweka mapajani mpaka kwao, atalala nalo mpaka afe, mwanangu alichoka akaona asiite.

Ko, ko, ko. Anasonga sasa, karanga zimeingia, mwiko umekuwa mzito. Mara tatu maana yake nivuteni mimi. Mara moja, simamisha. Mara mbili, mfuko umejaa, vuta. Mara tatu, mtu. Hata mtoto wa machimboni anajua, kikamba chembamba kinashuka pembeni ya ile kamba kubwa, juu kimefungwa kopo la maziwa lenye kokoto ndani, limening'inia kwenye mti wa winchi, aliye chini akitikisa kopo linalia juu, na siku ile upepo wa asubuhi ulikuwa unalichezea lile kopo, che-che, che-che, hata Sostenes alilitukana... upepo ulikuwepo. Asubuhi. Namwambia nani. Upepo ulikuwepo asubuhi.

Na mimi sikutakiwa kuwa pale. Mwanamke hasogei kwenye winchi, wanasema dhahabu inakimbia, mwanamke anayenyonyesha ndiyo kabisa, lakini tulikuwa tumegombana, siku mbili Sostenes hali kwangu, nilimwambia neno, nilimwambia wewe ni mwanaume wa picha, wa kutundikwa ukutani, kwa sababu ya hela ya maziwa, hata hela yenyewe ilikuwa ndogo, akawa anatoka bila kula anarudi bila kula, na mimi Ijumaa ile nikapika kweli, ugali wa mtama, dagaa nimewaunga na karanga, nikamfunga mtoto mgongoni nikapita njia ya nyuma kwenye marundo ya mawe ili watu wasinione, nikamkuta yuko peke yake, Marselino amekwenda na dumu la dizeli, ile mashine ya kupuliza hewa shimoni imezimika, kimya, machimbo yote wako kwenye chakula cha mchana, Luka yuko ukingoni anajiandaa kushuka, akaniona, akatabasamu na kikofia chake, akasema shemeji umeleta rushwa, mwambie mzee anibakishie dagaa wawili, Sostenes akamwambia subiri mashine iwake, akasema nakwenda kuchukua nyundo tu nimeiacha mdomoni mwa tanuri la kwanza, ile njia ya pembeni, dakika mbili, akazama. Dakika mbili. Na Sostenes akafunga winchi, akanawa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakata tonge. Akala. Akaniangalia. Akasema chumvi umeikumbuka leo. Akacheka, siku mbili sijaona meno yake, akacheka, na mimi moyo wangu... nilikuwa na furaha. Ndiyo. Luka yuko chini na mimi nilikuwa na furaha, nilikuwa nahesabu matonge, nikasema akimaliza sahani hii yamekwisha, ugomvi umekwisha, asiache hata punje, nilitamani asiinuke, dunia nzima nilitaka kitu kimoja, mtu mmoja amalize kula.

Che-che-che.

Sostenes akainua kichwa, tonge liko hewani. "Kopo hilo?"

Na mimi nikasema, "Upepo. Kula."

Maneno mawili. Nimeyapima usiku ngapi, upepo, kula, hata sikufikiri, yalitoka kama unavyomfukuza nzi kwenye chakula, na alinyanyua lile tonge akala, kwa sababu mimi nilikuwa nimeelekea kopo na yeye amelipa mgongo, mimi ndiye niliyekuwa naliona, aliyaamini macho yangu. Na likalia tena. Hilo la pili hakulisikia, Noela alikuwa amekohoa, likalia dogo, che-che... che, kama mtu aliyechoka mkono. Halafu basi. Akamaliza sahani akalamba kidole, nikakusanya vyombo, nikaondoka kwa njia ileile ya nyuma, na nilikuwa naosha ile sufuria bombani nilipomwona Marselino anapita mbio bila viatu anaita watu. Nikaendelea kuosha. Nikaisugua mpaka ikawaka. Na usiku Sostenes akaniuliza mara moja tu, alikuwa amekaa kitandani na matope ya Luka nguoni, akasema, ulikuwa upepo, si ndiyo, nikasema upepo, akasema sawa, hukufika pale, usimwambie mtu ulifika pale, nikasema sawa. Ndivyo anavyonitunza. Anabeba peke yake, na alichobeba si chake, aliapa juu ya mtoto kwa mdomo safi kwa sababu mdomo mchafu ni wangu.

Nilidhani ni upepo. Nimesema hivyo wiki saba, kila nikigeuka kitandani, nilidhani, mtu anadhani, mimi si mchimbaji, ningejuaje, asubuhi nzima lile kopo lilikuwa linapigwa na upepo... sasa hivi harufu ya karanga imejaa chumba kizima, moshi wake unaingia, mwembamba, unapita kwenye ufa unapanda wima mpaka kwenye bati, haupindi, hauyumbi, chumbani hamna upepo, na mimi nautazama ule moshi na nauona ule mwingine, nauona, ulikuwepo siku zote pembeni ya jicho na sikutaka kugeuka kuutazama, nilikaa nimeelekea kopo, na nyuma ya kopo, bondeni, kuna vibanda vya chakula, na kibanda cha kwanza cha bati jekundu ni cha Mama Luka, na moshi wa jiko lake ulikuwa umesimama. Wima. Kama mlingoti wa bendera shuleni. Saa saba mchana, hakuna jani linalotikisika, moshi wa jiko la mama yake umesimama wima mbele ya macho yangu na kopo linalia, na niliuona kabla sijasema neno, niliuona moshi, nikajua, nikasema upepo.

Nilijua.

Haya. Nimelisema, hata kama ni kichwani, limetoka, na paa halijaanguka, Noela anapumua, Sostenes anapumua kwa ule mpangilio wake wa uongo, ng'ambo ya mabanzi sahani imewekwa juu ya sahani, kling, anafunika. Anapakua ya mwisho. Na kwanza nikawaza, nitamwambia ili kiapo kimtoke mtoto, nimpe ukweli mtoto apoe akae, na papo hapo nikaona haya, ona, hata sasa Mbuke, hata sasa unataka kununua kitu, ulimnunulia mume kicheko kwa pumzi za mtoto wa mtu, leo unataka kumnunulia mwanao mgongo kwa machozi ya mwanamke huyuhuyu... sivyo. Noela atakaa au hatakaa, nitampeleka hospitali ya wilaya, misuli ni misuli. Mama Luka hakuniuliza habari za Noela. Ameniuliza kitu kimoja, mara sita, mlangoni, ameshika chakula, na jibu ninalo mimi, hakuna mwingine duniani aliye nalo, aliita mama. Aliita mara tatu kama mlivyomfundisha, akaita tena. Hakuchoka, hakulala, hakuwa amelewa, hakukukasirikia, alikuwa ananitania dakika ile, alitaka dagaa wawili. Aliita vizuri. Aliyesikia ni mimi.

Atanifanya nini? Atanipiga na ile sahani. Anipige. Atapiga yowe uwanja mzima waamke, milango kumi na nne, watakuja na Gregory, na mwenyekiti, Sostenes atasimama hapo ataniangalia, hilo ndilo siliwezi, macho ya Sostenes akijua aliapa juu ya nini... au hatafanya kitu. Atanyamaza kama alivyonyamazia kuku. Naogopa zaidi hilo. Naogopa ataniuliza, ulikula, mayu, umekula chochote leo?

Mlango wake unafunguka, ile bawaba yenye kutu. Anasimama, anaweka kitu chini, anajifunga kanga vizuri, anakohoa, anakuja, hatua zake ni chache tu, kumi na mbili, nimezihesabu Ijumaa sita, na mimi bado nimelala, sijanyoosha hata mguu, lakini mkono wangu umeshuka uvunguni wenyewe, umezipata sahani, za baridi, moja juu ya nyingine, zote sita, na sina unga wa kuweka, sina mayai, sina hata chumvi kwenye karatasi... ko, ko, ko, mlangoni sasa, "Mke wa waziri, fungua, inapoa," nakuja mama, nakuja, utaingia ndani leo, utaketi hapa kitandani kwangu, na hiyo michembe nitaila mbele yako kwa mkono huu na mchanga wake wote, na nitakuambia, wewe wa kwanza, na likishafika kwako ni lako, ulichukue uende nalo kwenu kimyakimya, au upige nalo yowe hapahapa, umwambie Sostenes, umwambie Gregory, uwaambie wale wa bombani, utakavyo wewe, mimi sitalitangulia wala sitalikimbilia, sitalia nalo begani kwa mama yangu anihurumie, sitalipeleka kwa padri anifute, nitakuambia wewe, mama yake, halafu sitamwambia mtu mwingine.